Bibi Aliyegombeza Majani

Jungu la shughuli likishapakuliwa, watu wakala wakashiba, huja mtu na mwiko akalikwangua. Baada yake huja mwingine na ukucha. Hapo mpita njia huchungulia ndani na kusema, "Halina kitu tena." Wahenga hawakumsadiki mpita njia huyo. Walisema jungu kuu halikosi ukoko, wakimaanisha kwamba kilichopikwa kwa wingi na kwa miaka mingi hakiishi kwa kupakuliwa. Chini kabisa, pale palipoungua, pana kilichoshikilia. Na wapo duniani watu ambao jungu lao lilikwanguliwa kwa makusudi, mchana kweupe, na walimu waliolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Hadithi hii ni yao.

Katika kitongoji cha Sakhang, kwenye vilima vya Miaoli, kusini mwa Taipei, aliishi mjane wa kabila la Wahakka aitwaye Fan Kiukmoi. Alikuwa na miaka sabini na miwili, mfupi na mgumu kama kinu, na ulimi wake ulikuwa na makali kuwili. Kila mwaka, mpunga wa pili ulipovunwa, shamba lake lilipandwa haradali. Majani yakikomaa aliyatia pipani na chumvi, akayakanyaga kwa miguu mitupu, akayaanika juani hadi yakasinyaa kama masikio ya mzee. Kisha alikaa kibarazani na chupa tupu za pombe, akayashindilia humo jani kwa jani kwa fimbo ya chuma, mpaka chupa ikawa nzito kama tofali. Chupa hizo alizisimamisha kichwa chini, zikangoja miezi.

Kazi hiyo aliifanya huku akitukana. Ndivyo mama yake alivyomfunza: majani yakibembelezwa huoza, yakigombezwa hukaa. Kwa hiyo kila chupa ilipata haki yake. "Shingo ndefu wewe, unameza kama bata mwizi! Tumbo halijai, mdomo haufungiki! Na wewe mnene, unajinyonganyonga kama bibi harusi aliyeona mkwe kabla ya wakati!" Yote hayo aliyasema kwa Kihakka, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu. Kihakka Bibi Kiukmoi alikisema na majani tu. Wanawe watatu aliwalea kwa lugha ya shule, ile ya serikali. Wajukuu vilevile. Mtu akiingia kibarazani, bibi alikata tusi katikati kama uzi, akaendelea kwa lugha nyingine.

Mjukuu wake Sinyu, msichana wa miaka ishirini na minane, alikuwa amerudi kutoka Taipei bibi alipovunjika nyonga, na bibi alipopona hakuondoka tena. Sinyu alielewa Kihakka nusu nusu, kama mtu anayesikiliza majirani kupitia ukutani. Kusema hakuwahi. Lakini dirisha la jikoni lilitazama kibarazani, na Sinyu alikuwa na simu.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao ya mwezi mwandamo, bibi alishuka sokoni kununua tofu. Muuzaji, bwana mmoja aitwaye Yap Fuksang, alipomwona tu alitupa mikono juu.

"Shingo ndefu wewe, unameza kama bata mwizi!" akapaza sauti kwa Kihakka.

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu waliangua kicheko. Mmoja wao, mwenye kikapu cha figili, akadakia: "Na wewe mnene, unajinyonganyonga kama bibi harusi!"

Bibi Kiukmoi alihisi damu ikimwishia usoni. "Mmeyasikia wapi hayo?" aliuliza, kwa lugha ya shule.

"Ala! Nani hajayasikia, Bibi? Uko simuni! Watu laki nne wamekutazama. Mke wangu juzi kakutazama hadi wali ukaungua."

"Laki nne... wananicheka?"

"Mbavu hawana!" alijibu Fuksang kwa furaha, asijue anachomwaga. "Bibi, subiri, tofu yako hii!"

Lakini bibi alikwishageuka. Alipanda kilima bila kupumzika, na nyonga yake ikamlilia kila hatua. Alimkuta Sinyu akigeuza majani juani.

"Ni wewe uliyenipiga picha nikisema na chupa?"

Sinyu aliinuka taratibu. "Ni mimi, Bibi."

"Ukawapa watu."

"Bibi, hawakucheki kwa ubaya. Wanafurahi. Wengine wanasema..."

"Kicheko nakijua mimi!" Sauti ya bibi ilipasuka. "Usinifundishe kicheko, Sinyu. Kaa chini. Kaa hapo juu ya kapu, nikwambie kicheko ni kitu gani."

Akamweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia hata marehemu mumewe. Alipokuwa na miaka minane, mtoto aliyesikika shuleni akisema Kihakka alivishwa ubao shingoni. Ubao ulikuwa umeandikwa: *Nimekosa. Nimesema lugha ya nyumbani.* Aliyeuvaa alisimama nao mlangoni wenzake wakipita, na wenzake waliagizwa wacheke. Tena ubao ule ulitoka shingoni kwa njia moja pekee: umkamate mwenzako akisema.

"Siku ya tatu kamba ilikuwa imenichuna hapa," alisema bibi, akajishika nyuma ya shingo. "Na hapakuwa na wa kumkamata. Kila mtu kafunga mdomo. Basi nikamwendea Tsinmoi. Rafiki yangu. Tulilala mkeka mmoja kwao, tukala bakuli moja. Alikuwa hasemi kitu kabisa shuleni kwa woga, miezi mizima. Nikamnong'oneza kichekesho, cha Kihakka, kuhusu mbuzi wa babake. Akacheka. Akanijibu neno moja."

Bibi aliyatazama majani yaliyoanikwa.

"Neno moja, mwanangu. Nikanyoosha mkono, nikaita, 'Mwalimu!'"

Upepo ulipeperusha jani moja likaanguka kwenye vumbi. Hakuna aliyeliokota.

"Hakusema nami tena hata siku moja. Na mimi niliapa: wanangu hawatakuwa na kitu cha kukamatiwa. Niliwaziba masikio makusudi. Sasa wewe umenivua nguo mbele ya laki nne, umewapa wacheke. Futa. Futa zote. Na kuanzia leo hata majani nitayashindilia kimya."

Ieleweke kwamba mwalimu yule alistaafu kwa heshima zote, akapewa saa ya ukutani na picha ya pamoja. Aibu aliwaachia watoto wa miaka minane, nao waliitunza kwa miaka sitini na minne kama urithi. Wanaosema yaliyopita si ndwele hawakuwahi kuchunwa shingo.

Kesho yake ilikuwa siku ya ishirini, Siku ya Mbingu Kutoboka, ambayo kila Mhakka huijua. Mbingu ilipasuka zamani, na siku hiyo huzibwa kwa viraka vya mikate ya mchele wa kunata iliyokaangwa, yenye sindano na uzi juu yake. Kazi ni mwiko. Atakayefanya kazi siku hiyo, jasho lake lote huvuja tunduni. Jembe hulala, na hata sindano, zaidi ya ile ya mkate, haigusi nguo.

Bibi alikuwa akikaanga mkate wa pili Sinyu alipoingia jikoni, macho yamemvimba.

"Umefuta?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Leo kazi mwiko. Kufuta ni kazi."

Bibi aligeuka na mwiko mkononi. "Kubonyeza kidole ni kazi?"

"Picha ziko thelathini na moja, Bibi. Ni kubonyeza kila moja, iulize 'kweli?', useme 'kweli'. Hiyo ni kazi kuliko kupalilia. Mbingu ikibaki wazi tusilaumiane."

Bibi alitaka kukasirika, lakini hila ilikuwa ya ukoo wake mwenyewe. Aliitambua kama mtu anavyoitambua pua yake kwenye uso wa mtoto. Akageuza mkate. "Haya. Utafuta kesho kabla ya jogoo. Lakini kwanza nisomee. Nataka nijue wamenitukana vipi. Usinifiche hata moja."

Sinyu akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma.

"Huyu wa kwanza amecheka tu. Huyu pia. Huyu... anasema: 'Bibi yangu alikuwa anayatukana vilevile! Nilidhani ni wazimu wa nyumbani kwetu peke yetu.'"

Mwiko ulisimama hewani. Bibi naye alikuwa akidhani ni wazimu wa nyumbani kwa mama yake peke yake.

"Endelea."

"'Sijui Kihakka. Lakini niliposikia *bata mwizi* nililia barabarani. Ndivyo nilivyoitwa utotoni, hata nilidhani ndilo jina langu.' Huyu ni dereva wa lori, Bibi. Huyu mwingine yuko Morisi, kisiwani, mbali sana. Anasema: 'Sisi huku ni kizazi cha nne. Tumebakiza maneno saba. Matatu kati ya hayo ni matusi, na yote matatu umeyasema. Asante.'"

"Asante?" alisema bibi. "Ananishukuru kwa matusi?"

"Kuna na mbaya mmoja. Anasema: 'Wahakka kwa ubahili! Hata tusi wanalitumia mara mbili.'"

"Ahaa. Huyo sasa."

"Amejibiwa, Bibi. Amejibiwa na watu mia tatu. Sikiliza: 'Tusi zuri halitupwi, ndugu. Huchachushwa.'"

Pembe ya mdomo wa bibi ilitikisika. Aliiadhibu kwa kuuma meno. Sinyu akasoma tena, na tena. Mkate ukaiva, mwingine ukaiva. Kulikuwa na muuguzi aliyesema wagonjwa wake wawili, wazee ambao hawakuwa wamefungua mdomo tangu mwaka mpya, walianza kuyajibu matusi ya zile chupa. Kulikuwa na watu wa Kalkuta, na wa Jamaika, na wa msitu fulani wa Kalimantan, kila mmoja ameleta alichobakiza: jina la ufagio, namna ya kumfukuza kuku, dua ya mtoto aking'oka jino. Bibi alisikiliza kama mtu aliyeingia nyumba aliyoambiwa imeungua akakuta taa zinawaka chumba kwa chumba.

Ndipo Sinyu akafika kwa mzee mmoja wa Meinong, kusini, aliyejiita Baba wa Nguruwe Watano.

"Anasema: 'Mama huyu ana mdomo mzuri, ila majani hajui. Kwetu huanikwa kwanza, chumvi baadaye. Kwa mtindo wake huo yatanuka soksi.'"

Bibi Kiukmoi aliweka mwiko chini.

"Yatanuka nini?"

"Soksi."

"Soksi!" Na hapo, bila yeye mwenyewe kujua, lugha ya shule ilimdondoka kama kanga iliyolegea. Alisimama katikati ya jikoni, mikono kiunoni, Kihakka kikimtoka mbele ya mtu aliye hai. "Mwambie huyo mchunga nguruwe! Mwambie nguruwe wake wanamzidi akili, angalau wao hula kimya! Majani ukiyaanika kabla ya chumvi yanakuwa kamba ya kufungia mbuzi! Mwambie! Andika!"

"Siwezi kuandika mbio hivyo, Bibi," alisema Sinyu. Akabonyeza pa kurusha picha papo hapo, akamgeuzia simu usoni. "Mwambie mwenyewe. Yuko hapo."

Kweli alikuwapo. Siku hiyo Wahakka wengi hawakuwa na kazi. Walikuwa majumbani na mikate yao, simu mkononi. Tarakimu ndogo ya watazamaji pembeni mwa kioo ilisema mia mbili, ikasema elfu tatu, ikasema elfu kumi na tisa. Sauti ya kizee ilikwaruza kutoka simuni: "Naam, ndimi Baba wa Nguruwe Watano. Nani anaita nguruwe wangu?"

"Ni mimi wa soksi!"

Wakagombana. Walianza na chumvi, wakaenda kwenye jua, kwenye unene wa fimbo, kwenye ubovu wa lafudhi ya kila mmoja. Mzee yule alisema Kihakka cha kwao, bibi cha kwake, na ingawa maneno yaliinuka na kushuka mahali tofauti, hakuna aliyekosa hata sindano moja ya mwenziwe. Maandishi yalibubujika kiooni hadi Sinyu akashindwa kuyafuata.

"Basi mama," alisema mzee mwishowe, akihema, "majani hujui. Kuimba je? Au huko vilimani kwenu mnajua kelele tu?"

Bibi aliujua mchezo huo. Zamani za mama yake, wachumaji chai wa kilima kimoja walikuwa wakiwachokoza wa kilima cha pili kwa wimbo, nao wakajibiwa kwa wimbo, bonde zima likicheka kati yao. Alikuwa hajaufungua mdomo wake kwa uimbaji huo tangu utoto. Aliutazama mlango, kana kwamba kuna mtu angeingia kumkataza. Hakuna aliyeingia. Akaimba:

*Wewe wa ng'ambo ya bonde, kofia kama mwavuli,*
*Kikapu chako kitupu, wasema jua ni kali;*
*Waimba tangu mapema, jasho halijawasili,*
*Mke utampataje, mvivu wa kila hali?*

Maandishi yalisimama kiooni. Halafu mzee wa Meinong akakohoa, na sauti yake ilipotoka haikuwa tena ya mgomvi:

*Kikapu changu ki wazi, chakungojea mwenyewe...*

Akakwama. "Uuu! Mama yangu alikuwa akiimba hapa... Unaendaje? Nimeupoteza. Mama, nimeupoteza."

"Kuna mtu anaomba kuongea," alinong'ona Sinyu. Akamfungulia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mbali, yenye mlio wa jogoo na mvua nyuma yake. Alisema tu, "Kalimantan hapa," akaimba:

*Nikikijaza majani, utaketi wapi wewe...*

"Mimi najua huo tu," akasema. "Nyanya alikuwa akiukata hapo, anacheka."

Kabla hajamaliza, yule dereva wa lori akaingia, injini ikiunguruma. Hakujua hata maana ya alichokibeba. "Sijui kama ni wimbo huohuo. Babu alikuwa akiuimba akivuta mkokoteni. Nitausema kama nilivyousikia." Akausema kama mtoto asomaye ukutani:

*Vuka mto uingie, nikubebe usilowe...*

Bibi alishika ukingo wa meza. Mzee wa Meinong na mwanamke wa Kalimantan na dereva wa lori hawakuwahi kuonana na hawangeonana. Bahari zilikuwa kati yao, na kaburi baada ya kaburi. Kila mmoja alidhani kibanzi chake ni takataka. Na vibanzi vile vilikuwa vikikaa pamoja mbele ya macho yake, mizani kwa mizani, kina kwa kina, kama mfupa uliovunjika unavyojitambua.

Ulibaki mstari mmoja. Wote wakangoja. Maelfu walijaribu kwa maandishi. Huyu alileta mbuzi, yule alileta mkwe, wakachekana, lakini hakuna uliokaa. "Umekufa huo," alisema mzee wa Meinong kwa sauti ndogo. "Basi tena. Mistari mitatu si haba."

"Ila..."

Bibi aligeuka. Ni Sinyu aliyesema. Msichana alikuwa amesimama karibu na jiko, uso mwekundu hadi masikioni, macho amefumba kama anayeruka ukuta. Na kutoka kinywani mwake, ambamo bibi hakuwahi kutia hata punje, kikatoka Kihakka, kwa lafudhi ileile ya Sakhang:

*Ila mdomo uache, mzito kushinda mawe!*

Kisha mzee wa Meinong akapiga unyende kama kijana, mwanamke wa Kalimantan akapiga makofi, honi ya lori ikalia, na kioo kikajaa maandishi hadi haukuonekana tena uso wa mtu. Kicheko kilitoka simuni kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Bibi Kiukmoi alikisikiliza chote. Alitafuta ndani yake ule uchungu wa mlangoni mwa darasa, akakizungusha huku na huku, hakuuona. Naye akacheka, akacheka hadi akakaa sakafuni, na Sinyu akakaa karibu naye.

"Nani alikufundisha?" bibi alimwuliza, kwa Kihakka.

"Hakuna," Sinyu alijibu, kwa Kihakka, akitafuta kila neno kama mtu avukaye mto juu ya mawe. "Sijui... yametoka wapi. Yalikuwa humu." Akajigusa koo.

Bibi alimtazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu aonavyo maji yakichimbuka kwenye mwamba. Miaka ishirini na minane alikuwa amefunga madirisha. Kabla yake, miaka sitini na minne iliyopita, wengine walikuwa wamefunga milango. Na mtoto alikuwa amekula harufu iliyopenya.

"Waambie," alisema, akipangusa macho kwa kiganja chenye mafuta, "kesho tunashindilia chupa kumi na sita. Waje waone majani yanavyotengenezwa na watu wenye akili. Na wewe toka huko dirishani. Utakaa mbele, pembeni yangu, utukane na wewe."

"Na zile picha za kufuta?"

"Thubutu!"

Walikwangua kwa mwiko, wakakwangua kwa ukucha, wakaliosha na kulifunika. Lakini jungu kuu halikosi ukoko.